Mwokaji wa Kwenye Filamu Ni Mimi

Jumatatu, 4 Machi

Natafsiri lugha ambazo sijui hata zinazungumzwa wapi. Hakuna mwingine duniani mwenye kipaji hiki, na kama yupo basi aje tushindane, aje na benchi lake la kukalia. Shule niliiacha darasa la saba. Wengine wanasema yenyewe ndiyo iliyoniacha. Habari zinatofautiana. Watu wananiita Spika. Jina limetoka kwa umma, sikujipa mimi. Nililipendekeza tu.

Ukumbi wa video ni wa Mjomba, kaka yake mama. Mabenchi sita, pazia jeusi, na feni inayogeukia upande anaokaa yeye tu. Mimi nakaa kando ya skrini na maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Watu wa kwenye filamu wakifungua mdomo, nasema wanachosema. Au walichopaswa kusema.

Leo Mjomba kaleta furushi la filamu za kale, zote za pwani moja ya mbali huko. Ngome, meli, mizinga. Watu wa pwani ile hawana kazi nyingine: asubuhi wanapigana, jioni wanapendana. Kila filamu ofisa mwenye masharubu anapanda meli kwenda vitani, na mwanamke anabaki gatini akipunga leso. Lugha yao kama mtu anasukutua koo. Nimeielewa yote.

Sasa siri. Fundi. Dada fundi cherehani wa kibanda cha mkabala. Akifunga kazi anakuja, anakaa benchi la tatu, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Nampenda, basi tu. Tatizo ni mchumba wake, Koplo, yuko kambi ya mpakani mwaka wa pili huu. Fundi anamngoja. Kila leso ikipungwa kwenye skrini, naye anatoa ya kwake. Kwa hiyo mimi ndiye ninayemlisha uvumilivu, kijiko kwa kijiko, kwa mdomo wangu mwenyewe. Ujinga ulioje.

Kuanzia kesho, maofisa wote wa pwani ile ni waongo.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umeanza. Ofisa kamshika mwanamke mkono, kamnong'oneza, zeze zinalia nyuma. Nikatafsiri: mpenzi, ningoje miaka minane, na hiyo cheni yako ya dhahabu niachie mimi, nitakutunzia. Ukumbi ukaguna. Alipofika bandari ya pili akakumbatiwa na mama mmoja mtu mzima. Labda shangazi yake. Nikasema ni mke wake. Wanawake wa benchi la nyuma wakasonya kwa pamoja, utadhani tairi imetoboka.

Lakini huwezi kumbomoa mmoja bila kumjenga mwingine. Nikatafuta mwanaume aliyebaki mjini. Wote wako melini! Isipokuwa mwokaji mmoja, anapita na baiskeli na kikapu cha mikate nyuma ya yule mwanamke. Hana hata neno moja. Nikampa maneno. Nikampa na roho yangu yote. Kila akipita nasema: huyu ndiye asiyeondoka. Ukiamka yupo. Ukilala yupo. Hana masharubu, hana meli, ana wewe.

Mwenye akili ataelewa. Kijana mnyenyekevu, kazi yake ya kila siku, yuko pembeni ya skrini na hakuna anayemtazama. Nani huyo kama si mimi?

Alhamisi, 7 Machi

Dalili njema. Jana wakati wa kutoka, Fundi aliniuliza kama mwokaji atatokea tena kwenye filamu ya leo. Nikamwambia atatokea kwenye zote. Asubuhi hii nimemwona kwa macho yangu ananunua mkate. Miwili! Anaishi peke yake. Anakula mkate kwa ajili yangu.

Mwokaji wa mtaa wetu, yule aliyepakana na Fundi ukuta kwa ukuta, naye kaanza kuja ukumbini. Sijui kavutiwa na nini. Mtu mwenyewe kimya kama gunia lake la unga, nyusi nyeupe pe kwa huo unga. Nimempokea vizuri. Nikampa nafasi benchi la tatu, pembeni ya Fundi, kwa kuwa ni mtu asiye na madhara.

Kasoro moja tu. Mama Koplo, mama yake mzazi Koplo, anakaa benchi la mbele na anajaza nusu yake. Filamu ilipoisha akaniita mwanangu kwa sauti isiyo ya mwana wala ya mama. Akataka kujua hawa wanajeshi wa filamu zangu wamekosa nini mwaka huu, mbona mwaka jana walikuwa na adabu. Nikamwambia mimi natafsiri tu, alalamike kwa waliotunga. Akasema ataniangalia.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi umefurika. Watu wamening'inia madirishani. Mjomba akaniweka kando, akanikumbusha kwamba ana macho: mwokaji kapita mara mbili filamu nzima, mbona mimi namtaja tangu mwanzo mpaka mwisho? Meli inaungua, nasema mwokaji anaiona kutoka dirishani. Mizinga inapiga, nasema mwokaji anakanda unga kwa hasira. Nikamjibu ndiyo maana ya tafsiri ya ndani. Mjomba akasema mdomo wangu ungekuwa injini angeshafika mwezini. Kisha akahesabu vichwa ukumbini akaona niendelee.

Fundi leo hakutoa leso. Alicheka. Mwokaji wa mtaani akamwambia kitu, akacheka tena. Nimefurahi ukumbi wangu unaleta ujirani mwema.

Lakini pale ofisa alipofika tena bandari ya pili, Mama Koplo akasimama katikati ya filamu, kivuli chake kikafunika meli nzima. Akatangaza kwamba leo hii anampigia mwanawe simu, amuulize kinagaubaga kama huko mpakani nako kuna bandari ya pili.

Nikamwita mwokaji apite haraka.

Jumatatu, 11 Machi

Koplo anakuja. Mama yake kampigia, naye kaomba ruhusa kazini. Kesho kutwa yupo hapa. Fundi alipoambiwa aliendelea kushona. Mtaani wanasema Koplo anavunja tofali kwa kiganja. Hakuna anayesema tofali lilikuwa limemkosea nini.

Nikamwendea Mjomba, nikamwambia maisha yangu yako hatarini. Akanituliza. Akasema mpwa wangu, nikizikwa atafunga ukumbi nusu siku.

Nikabuni mpango wa koo. Nikajifunga kitambaa shingoni, nikawa nakoroma tu na kuonyesha kwa vidole. Mjomba akasema haina shida, atamwomba mwokaji ajaribu kutafsiri, yule angalau akija anakuja na mikate. Sauti yangu ikarudi hapo hapo.

Jumatano, 13 Machi

Naandika kwa mkono mzima, kwenye mwili mzima.

Koplo aliingia kainama ili asigonge mlango. Akakaa benchi la mbele na mama yake, kofia magotini. Fundi yuko benchi la tatu, pale pale. Taa zikazimwa. Filamu ni ya yule yule ofisa mwenye masharubu.

Nikageuza gari lote. Ofisa leo ni malaika. Anaandika barua kila siku, wino unamwishia, anaazima kwa adui. Anamsalimia mama mkwe. Anamsalimia hata mtafsiri. Mama mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, na yule mke wa bandari ya pili je? Nikasema yule alikuwa mke wa pacha wake. Akauliza pacha katokea wapi. Nikasema kwenye sehemu iliyokatwa.

Kumbe filamu yenyewe nilikuwa sijaiangalia mpaka mwisho. Mzinga ukampata ofisa kifuani. Nikasema kajikwaa. Akadondoka baharini. Nikasema anaoga, siku ilikuwa ya joto. Wakaleta jeneza, bendera juu yake, tarumbeta, mwanamke kavaa nyeusi. Nikasema humo mna nguo zake za kazi, mwenyewe kapewa likizo.

Hapo nikaona mabega ya Koplo yanatikisika. Koplo analia. Nikajua nimekwisha.

Taa zilipowaka nikajificha nyuma ya pazia, miguu ikabaki nje. Akanifuata. Akaniwekea mkono begani, mzito kama kiroba. Akaniambia asante, ndugu yangu.

Nilimwomba arudie.

Akarudia. Kumbe alishaoa huko mpakani. Ana mtoto anayetambaa. Mwaka mzima kashindwa kusema. Mama yake alipompigia na kumuuliza kuhusu bandari ya pili, alidhani kuna mtu kamwona, akaungama yote kwa simu. Leo mchana, kabla hajaingia ukumbini, alikwenda kwa Fundi akamwambia uso kwa uso. Alitegemea mkasi. Fundi akashusha pumzi ndefu, akamwambia hata yeye alishachoka kungoja, ila hakujua pa kuanzia, na gauni la harusi aliloshona keshawaazima watu mara mbili. Wakapeana mkono. Basi ukumbini Koplo alikuwa analia kwa kupona.

Mama Koplo naye yuko nje, anaonyesha picha ya mjukuu kwa watu asiowajua. Kanikumbatia mpaka mbavu zikaitika. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyelaumiwa. Nilikaa juu ya sanduku la filamu, nikacheka peke yangu mpaka Mjomba akaniuliza kama nina homa.

Uwongo wangu ulikuwa kweli muda wote. Hicho nacho ni kipaji.

Jumapili, 31 Machi

Fundi kachumbiwa. Na mwokaji.

Mwokaji yule wa mtaani, wa nyusi. Walikuja pamoja kuniambia, kama zawadi. Wanataka niwe msemaji siku ya harusi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewakutanisha. Mwokaji akafungua mdomo, mara ya kwanza namsikia akisema zaidi ya bei ya mkate. Akasema hakuwahi kujiona mtu wa maana, mpaka siku aliposikia nasema huyu ndiye asiyeondoka. Nilimpa mkono. Kiganja changu kikabaki cheupe.

Sijambo. Kweli kabisa. Nguo nimeahidiwa, mikate ya bure mwaka mzima, na meno yangu yote yapo. Tena Mjomba kaleta furushi jipya, filamu za hospitali. Na muuguzi wa zahanati anakaa benchi la nne. Kwenye kila filamu kuna dereva wa gari la wagonjwa, yuko pembeni, hana neno. Nitampa maneno. Mwenye akili ataelewa. Dereva wa zahanati yetu naye ni mtu mpole sana, nimeshamwekea nafasi karibu na muuguzi.

Kwa jumla mpango ulikwenda vizuri. Kitu kimoja tu ndicho kilichoharibika kweli, na naweza kukiandika hapa. Jumatano ile ya Koplo, watu walipokwisha kutoka, Fundi alibaki mlangoni. Akaniuliza: Spika, unawasemea watu wote, na wewe mwenyewe una lipi la kusema? Hakuwa anatania. Aliuliza taratibu, akasubiri. Maikrofoni ilikuwa mezani, mbali.

Nikamwambia kesho tunaanza saa kumi na moja, awahi nafasi.