Lenzi Iliyorudi Mkononi Mwangu

Jumapili, 6 Oktoba 1996. Dresden.
Nina miaka themanini na miwili. Nimezika wake wawili, nimeona serikali nne zikianguka, na kiwanda nilichoundia kamera kimekufa. Mimi nipo! Kalamu si kazi yangu, lakini haki yangu lazima iandikwe.

Haki yenyewe ni lenzi. Kamera yangu ya kukunja, ya mabamba ya kioo, niliiunga kwa mikono hii. Baridi ya mwaka 1947 shemeji Lothar alinipa magunia mawili ya makaa, nami nikampa lenzi ya kamera hiyo. Miaka arobaini na tisa! Mimi nina mwili, yeye ana jicho. Kila mmoja anasubiri mwenzake afe.

Leo dada yangu Traudel, mke wa huyo huyo, katuita. Jumamosi anatimiza themanini, Jumatatu anapasuliwa moyo. Anataka picha moja tu, kwa kamera ileile iliyompiga akiwa bibi harusi. Lothar kasema sawa, ila lenzi ataifunga mwenyewe na kuifungua mwenyewe, maana shemeji yake ana vidole vya nyani.

Nyani!

Jumanne, 8 Oktoba.
Duka la mitumba. Nimepata lenzi ya umbo lilelile, ina ukungu kama jicho la samaki wa juzi. Lothar haoni hata kijiko chake. Nitazibadilisha. Akili kama hii, na kiwandani hawakunipa hata usimamizi!

Jumamosi, 12 Oktoba.
Nimeshinda! Kahawa, keki ya jibini, wajukuu. Traudel kakaa bustanini, blauzi ya bluu. Nikaingia chini ya kitambaa cheusi, nikamwona kiooni kichwa chini miguu juu, anacheka. Akasema harakisha, kaka, nisije nikafa nimekenua. Nikatia bamba, nikabonyeza. Halafu nikaifunika kamera nzima, eti jua, na humo gizani vidole vya nyani vikafanya kazi. Lothar akafungua takataka yangu, akaiviringisha kwenye leso kama yai.

Jumapili, 13 Oktoba.
Nimesafisha bamba bafuni. Tupu! Kioo cha dirisha! Kile kibati kinachofunika bamba, huvutwa kabla ya kupiga. Sikukivuta. Miaka sitini sijawahi kusahau! Mawazo yalikuwa mfukoni.

Ningeweza kurudi leo nikapiga nyingine. Lakini nirudi na lenzi ipi?

Traudel kapiga simu, kauliza katokaje. Nikamwambia katoka kama bibi harusi. Akafurahi mno.

Alhamisi, 17 Oktoba.
Tangu wampasue, Traudel hakuamka.

Jumamosi, 19 Oktoba.
Lothar kaja. Anaomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Nikasema inakauka. Akasema wiki nzima, shemeji, umeianika chini ya mvua? Halafu akatoa leso. Traudel alimwapisha: picha ikishapigwa, lenzi irudi kwa kaka. Akaniwekea mkononi takataka yangu mwenyewe, akanifumba vidole, akalia.

Na mimi nilitokwa machozi. Ni zile dawa za kusafishia, bado ziko vidoleni.

Kwa hiyo nina lenzi mbili, yeye hana hata moja. Nani nyani? Kabakiwa na stendi ya kamera, ya miguu mitatu, mti safi. Jumatatu nitamwambia picha itakauka upesi nikipata hiyo stendi.

Anayebisha kwamba lenzi ni halali yangu, amuulize Lothar. Alinipa mwenyewe, mkononi.