Kipimo Chake Ni Mimi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kuna waliozaliwa na mashamba, kuna waliozaliwa na sauti nzuri. Mimi nimezaliwa bila aibu. Hiyo ndiyo bahati yangu, na hata ukinipa gari sikubadilishii. Mtu asiye na aibu anaingia popote, anauza chochote, na usiku analala kama mtoto aliyenyonya. Miaka arobaini na saba sijaona haya hata siku moja.

Leo ni siku ya ishirini na moja tangu madaktari wanikate tumbo la chakula na kuniachia kipande cha ukubwa wa ndizi. Mtaa mzima unajua nilikwenda kutibiwa ngiri. Ngiri ni ugonjwa wa heshima. Ukweli anaujua mke wangu, pamoja na muuguzi wa lishe anayenipigia simu kila Jumatatu kama mwenye nyumba.

Nimepungua kilo kumi na sita. Furaha? Labda kwa mtu mwingine. Kibao cha duka langu kimeandikwa FUNDI BONGE, SUTI ZA WENYE MIILI YAO. Bonge akikonda, kibao kinasema uongo. Na fundi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Sindano kwa umbo na kwa ulimi, anangoja kitu kama hicho tu.

Mpango! Nimeshona tumbo. Sponji za mabega safu nne, bitana juu, kamba mbili za kufungia mgongoni. Kazi safi. Nimejitazama kwenye kioo: Bonge yuleyule! Mke wangu amesema watu wamehangaika kuniondolea tumbo moja, nami nimerudi nyumbani kujishonea jingine. Hajui biashara yule.

Jioni, supu, kwenye bakuli la mjukuu wetu lenye picha ya sungura chini kabisa. Sungura ametokea kwenye kijiko cha sita. Nimeshiba. Tumetazamana kwa chuki.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekata suti ya Mzee wa Mbao. Huyu ndiye mwenye kiwanda cha kupasulia mbao nyuma ya soko, mteja wangu wa miaka kumi. Binti yake anahitimu udaktari wa meno Jumamosi ya wiki ijayo. Nyumbani kwake ukuta umejaa picha za familia, na katika zote Mzee ni kichwa tu, nyuma ya mabega ya watu. Anajificha makusudi. Safari hii aliniambia anataka kusimama mbele, mwili mzima, mpaka viatu. Aliyasema hayo akiangalia sakafu.

Dukani kwangu mnene hapimwi kwa futi. Ni sheria. Nilikuwa na miaka tisa fundi wa sare za shule aliponizungushia futi, akasoma namba ya kiuno kwa sauti. Foleni nzima ikacheka. Akaona imenoga, akairudia. Mimi sikuona haya, nimeshasema. Lakini wengine wana mioyo laini. Kwa hiyo nguo ya mnene naivaa mwenyewe: namtazama mteja, najitazama, naongeza kidole hapa, napunguza kidole pale. Mzee wa Mbao hata kidole hahitaji. Mwaka jana tulisimama mbele ya kioo tukabadilishana makoti, tukawa pacha. Kwenye daftari, mahali pa namba zake, nimeandika: kipimo chake ni mimi.

Sponji ilikuwa inawasha kwa joto, nikaivua kwanza. Kisha nikavaa kitambaa, nikachoma pini, nikakata. Kazi imekwenda kama maji.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Msiba.

Mimi nikishona huwa nahitaji mahali pa kuchomeka pini. Tumbo la sponji liko karibu. Mkono ukazoea bila kuniuliza. Sindano akaingia kuazima uzi mweusi, akanikuta napiga mluzi huku najichoma pini tumboni, moja baada ya nyingine, juu ya shati. Nilikuwa nimefika ya kumi na moja.

Amepiga ukelele nisioutegemea kwa mwanamume mwenye masharubu. Nikamwambia kwamba baada ya ngiri sehemu ile hufa ganzi. Akauliza hata kidogo? Nikachoma ya kumi na mbili, nikatabasamu. Hiyo ikapita pembeni mwa sponji. Niliendelea kutabasamu mpaka alipofunga mlango.

Saa tisa watu wanne walikuwa dirishani kumwangalia fundi asiyesikia maumivu. Mmoja alimleta mama mkwe wake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Naandika haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Asubuhi Sindano aligawa keki mtaa mzima, kusherehekea cherehani yake mpya ya umeme. Majivuno matupu. Kipande changu nilikificha kwenye kopo la vifungo. Muuguzi akapiga simu, akauliza kama nagusa sukari. Nikamwambia, dada yangu, hata rangi yake nimeisahau. Nikakata simu, nikala matonge matatu.

Dakika kumi. Moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanichuruzika, kuta zikazunguka. Nikajilaza chini ya meza ya kukatia. Muuguzi alikwisha kunionya kwamba tumbo dogo likishushiwa sukari nyingi hulipiza. Nilidhani ananitisha. Nikiwa palepale chini, nikaona viatu vyenye unga wa mbao vikiingia. Mzee wa Mbao, amekuja kujaribu suti. Na binti yake.

Nikasema nilikuwa natafuta kifungo.

Mikono ya koti, sawa. Mabega, yanabana kidogo. Vifungo havikukutana. Katikati pengo la kiganja kizima. Mzee akavuta pumzi ndani. Akavuta tena. Binti kwenye stuli akajifanya anasoma simu.

Nilijua palepale. Nimelikata koti kwa mwili ambao si wetu tena, ni wangu peke yangu. Nikafungua mdomo ili nimwambie. Mdomo ukasema: "Mzee, umeongezeka."

Alisema, "Kumbe." Neno hilo tu. Akalivua koti taratibu, akalikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi, akaniomba radhi. Yeye, aniombe radhi mimi! Kwa kunipotezea kitambaa. Akasema zimebaki siku tano, atajitahidi.

Mke wangu ameuliza siku ilikwendaje. Nimesema vizuri. Nimekula vijiko vinne. Sungura sikumfikia.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mipango mitatu tangu jana, yote imekufa.

Wa kwanza: kufumua mishono kimyakimya na kulipanua koti. Akiba ya ndani ni nusu inchi kila upande. Pengo ni kiganja. Wa pili: kuongeza kitambaa. Muuzaji amesema rangi ile imekwisha, labda mwezi ujao. Wa tatu: kumsingizia Sindano. Huu niliupenda, lakini sikuona Sindano aingie wapi katika hadithi.

Mchana binti wa Mzee alikuja peke yake. Amesema baba yake hali chakula. Siku mbili hizi, maji na ndimu basi. Jana kizunguzungu kilimshika kiwandani, akakaa chini kwenye unga wa mbao huku msumeno unazunguka hatua mbili kutoka kichwani pake. Na sasa amebadili nia. Jumamosi haendi. Atamtuma baba mdogo. Eti hataki mtoto aaibike mbele ya wenzake kwa ajili ya tumbo lake.

Akanishika mkono. "Mjomba, zungumza naye. Wewe anakusikiliza. Anasema mafundi wote wamemwaibisha, isipokuwa wewe."

Nimeahidi. Alipoondoka nikaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikakaa huko. Mteja aliingia, akaita hodi mara tatu, akaondoka. Alivuka barabara kwenda kwa Sindano. Nilimsikia, sikutoka.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimekwenda kiwandani. Njiani nilikuwa natengeneza uongo mzuri: kitambaa kimesinyaa, kimelowa halafu kikapigwa pasi ya moto, hutokea, kosa la kiwanda cha nguo. Nilikuwa nimefika nusu yake Mzee aliponikatiza. Akasema nisimpambie. Akajipiga tumboni kwa kofi, kama mtu anavyompiga mnyama mkaidi, akasema tatizo ni hili hapa.

Lile kofi. Ningeweza kuvumilia mengine yote.

Nikapandisha shati mbele ya wapasuaji mbao watano. Nikafungua kamba, nikaweka sponji juu ya ubao. Nikamwonyesha makovu, matano, madogo kama tundu za vifungo. Nikasema yote: hospitali, kilo, koti, uongo. Mtu mmoja akazima msumeno. Heri angeuacha.

Mzee akaibonyeza sponji kwa kidole. Akauliza kama niliumia sana. Nikasema sana. Akauliza: kwa hiyo yeye hakuongezeka? Nikasema hata punje. Ni mimi niliyepungua.

Akakaa juu ya rundo la mbao. "Fundi," akasema, "siku nne nakula ndimu." Halafu akanitukana tusi moja, refu, lililonyooka, ambalo sitaliandika kwa sababu mke wangu husoma daftari hili nikilala. Kisha akaanza kucheka, au kulia. Sikuuliza.

Halafu akafanya kitu. Akachukua futi yake ya chuma ya kupimia mbao, akamwambia mpasuaji mmoja ashike ncha, akajizungushia kiunoni. Akaisoma namba mwenyewe. Kwa sauti, kama anavyosomea mbao! Mpasuaji akaiandika kwa penseli juu ya ubao. Hakuna aliyecheka.

Akaninyooshea mimi ile futi. Zamu yako, akasema.

Nikasema nimeacha pasi inawaka. Nikatoka mbio, na sponji nikaiacha kule.

Nyumbani nilifungua kabati. Nyuma ya mablanketi kuna suti yangu nyeusi yenye bitana ya zambarau, ya enzi zangu. Muuguzi aliniambia nigawe nguo zote kubwa. Nilimwambia nimegawa. Hii niliificha, kwa sababu mtu hajui, mwili unaweza kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Nimeipiga pasi. Nimempelekea Mzee mwenyewe kabla ya chakula cha jioni. Imemkaa bila pini hata moja. Mkewe alikuwa amempikia kuku mzima. Nilikaa nikamtazama anavyokula. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Picha imefika kwenye simu ya mke wangu. Binti na joho lake. Na mbele kabisa, si nyuma ya bega la mtu, Mzee wa Mbao, mwili mzima mpaka viatu. Koti limefungwa vifungo vyote. Kidevu juu.

Mke wangu amesema suti ile inamtoa kuliko ilivyonitoa mimi. Kweli. Mwili wangu wa zamani umesimama mstari wa mbele, jua linaupiga, wala haujifichi. Mimi nilipokuwa nao sikuwahi kuufanyia hivyo. Hata picha ya ndoa yetu nimeshika ua kubwa mbele ya tumbo.

Nimeingia bafuni, nimefungulia bomba ili nisisikike. Amesikia. Amebisha mlango, akanipitishia bakuli la sungura. Yai la kupondwa. Nimekula nimekaa ukingoni mwa beseni.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Maisha mapya! Kilo ishirini zimekwenda. Nimepaka kibao upya: FUNDI ALIYEKUWA BONGE. Wateja wanauliza siri. Nasema mazoezi, nakimbia kila alfajiri mpaka daraja la pili. Wapasuaji mbao ni watu wa kunyamaza, wamenihakikishia. Sindano ameomba tukimbie sote kesho saa kumi na moja. Alikuwa anatabasamu kwa namna nisiyoipenda. Nimemwambia kesho goti litaniuma.

Mchana alikuja mwalimu wa hesabu, ametumwa na Mzee wa Mbao. Anataka suti kwa ajili ya kupandishwa cheo, mwishoni mwa mwezi ujao. Tumbo la wastani, mabega ya wastani. Nikamzunguka. Nikajitazama kwenye kioo. Pacha!

Masikini, alikwisha kunyanyua mikono apimwe, macho ameyafumba kama anayengoja sindano ya daktari. Nikamwambia ashushe mikono, hapa hatufanyi hivyo. Nikamwona anavyoshusha pumzi. Nikaandika daftarini: kipimo chake ni mimi.

Mke wangu amesoma hapo, akauliza kama mwishoni mwa mwezi ujao nitakuwa bado nina mwili huu wa leo. Nimemwambia mambo ya ufundi hayaelewi.

Mwalimu aliniletea pia mfuko kutoka kwa Mzee. Ndani sponji yangu, imefutwa unga wa mbao, na juu yake ile futi ya chuma. Kuna kipande cha ubao kimeandikwa kwa penseli: Zamu yako. Nimeviweka kwenye droo ya chini, nimefunga kwa ufunguo, ufunguo nimeutia kwenye kopo la vifungo.

Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba nimezaliwa bila aibu. Ni uongo.