Dawa ya Kona

Pikapu ya mama wa mayai ilipoingia kona ya pale mashine ya kusaga, ililala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Trei za nyuma zikateleza, zikagonga bodi, na ute ukaanza kuchuruzika barabarani. Watu waliokaa kibarazani kwa kinyozi wakasikitika. Mmoja tu alitabasamu, naye alikuwa kwenye kiti, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Huyo aliitwa Grisi, kwa sababu aliweza kupenya popote na kila alipopita aliacha doa. Zamani alikuwa fundi wa gereji, tena fundi mzuri, mpaka siku alipogundua kwamba kuongea hakuchafui mikono. Tangu hapo hakushika spana ila kwa maonyesho.

"Nisubiri," alimwambia kinyozi, akatoka na taulo shingoni, akaiwasha pikipiki yake na kulifuata gari. Ile pikipiki ilikuwa ndiyo mali yake pekee duniani. Ilikuwa ofisi yake, na zaidi ya hapo ilikuwa njia ya kuondoka mtaani kabla wateja hawajashtuka.

Alimkuta mama wa mayai nyuma ya duka lake, amekaa kwenye kigoda, anamulika mayai kwa tochi moja baada ya jingine na kuyatenga mabovu.

"Shikamoo mama. Nimeliona gari lako pale konani, roho imeniuma."

"Marahaba mwanangu. Na hicho kichwa?"

"Nimekiacha nusu kwa ajili ya mayai yako."

Mama akazima tochi. Grisi akajua amesikilizwa, na Grisi akisikilizwa, mwenye masikio ajihurumie.

"Gari hili halina ubovu," akasema. "Kilichotokea ni kwamba mzani wake umehama. Ukikata kona, uzito wote unakimbilia nje."

"Umehamia wapi?"

"Kulia."

"Basi urudishwe."

"Ndiyo kazi yangu, mama. Nina chuma maalumu. Kikifungwa chini, gari linakata kona limesimama wima kama askari wa gwaride."

Mteja akaita dukani, mama akaenda kumhudumia. Grisi hakupoteza nafasi. Alichuchumaa akapunguza upepo kwenye matairi ya kulia, kisha akasimama na kujipangusa kama mtu aliyekuwa akisali. Waliporudi barabarani kulijaribu gari, likayumba vibaya hata mama akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Unaona? Ugonjwa umeshafika kwenye mifupa," Grisi akasema kwa huzuni kubwa.

Akalipeleka uchochoroni. Huko alifunga chini ya gari chuma cha kitanda kibovu alichokipaka rangi nyekundu, akajaza matairi upepo, akalala kivulini mpaka ulipopita muda wa kutosha kuitwa kazi. Walipolijaribu tena, gari likawa na nafuu. Changa la macho, lakini lililopigwa kwa ustadi, na sisi tunaosimulia hatuna budi kumpa mtu haki yake.

"Kweli limepona kidogo," mama akasema.

Grisi akanyoosha mkono. Mama akautazama ule mkono kama anavyotazama yai.

"Nikulipe sasa tuachane, au nikuunganishe na shemeji yangu?"

"Shemeji yupi, mama?"

"Mdogo wake marehemu mume wangu. Anasambaza maziwa. Ana pikapu kumi na mbili, zote zinalala hivihivi. Ila ni mtu wa masharti. Anataka kusikia kwamba hili langu limepita kona ya mashineni na mayai nyuma, bila kupasuka hata moja. Likipita, zote atakupa wewe uzitengeneze."

Grisi akapiga hesabu ya vyuma vya vitanda vilivyolala majalalani mji mzima, akaona maisha yake yamenyooka. Mkono ukarudi mfukoni wenyewe.

"Haraka ya nini mama? Nitalipwa zote pamoja."

Kesho yake wakapakia trei, mama akashika usukani, Grisi akakaa nyuma na mayai ili awe shahidi. Pale konani chuma chekundu kikachomoka na kubingirika mtaroni, na Grisi akashuka suruali imelowa ute.

"Kimelegea," akasema.

"Basi kikaze, mwanangu. Shemeji anangoja."

Ikambidi aingie chini ya gari kwa kweli, na macho ya zamani yakamrudia bila kuitwa. Bushi, zile raba za kwenye maungio, zilikuwa zimelika, shokapu zote zinavuja mafuta, springi ya kulia ina bamba moja lililokatika, na matairi ya nyuma hayakulingana hata kwa kimo. Gari hili halikuhitaji dawa, lilihitaji fundi. Grisi akatukana kimoyomoyo, kisha akafikiria zile pikapu kumi na mbili, akavua shati.

Akaanza na bushi, kwa pesa zake. Gari likatulia, lakini mayai yakapasuka. Akanunua shokapu. Mayai yakapasuka machache. "Bado kidogo," mama akasema, akamletea chai na kumsifia shemeji kwamba ni mtu mkarimu, asiyesahau fundi wake. Methali husema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini kwa muuza mayai kinachoelea kimeoza. Grisi hakuwahi kuuza mayai.

Zikabaki springi na matairi, na mfuko ulikuwa mtupu. Alizunguka ile pikipiki mara kadhaa, akaipapasa tangi, akamwita mnunuzi. Ilipoondoka na mtu mwingine juu yake, alijisikia yatima. Akajipa moyo kwamba mwenye pikapu kumi na mbili mkononi halilii pikipiki moja.

Kwa springi mpya, matairi mapya na usukani uliorekebishwa, wakaenda tena konani. Safari hii mama hakupunguza mwendo hata kidogo. Grisi akafumba macho na kukumbatia trei. Pikapu ikaingia kona, ikashika barabara, ikatoka upande wa pili imetulia. Akahesabu mayai yote, akayageuza. Yalikuwa mazima. Akajikuta anacheka peke yake kule nyuma, kwa furaha ya kweli, kwa sababu kazi ilikuwa safi na ilikuwa yake.

Walipofika dukani akaruka chini. "Sasa mama, twende kwa shemeji."

"Kaa kwanza, mwanangu. Kunywa chai."

Akakaa. Mama akawasha tochi, akachukua yai.

"Injini ya hili gari aliniwekea kijana aliyekuja kuniuzia vidonge vya kuokoa mafuta. Breki alizitengeneza mwingine, yeye alikuwa na maji ya kuongeza nguvu. Wote walifanya kazi nzuri, lakini wewe umewapita."

Grisi akaweka kikombe chini. "Nao waliahidiwa shemeji?"

"Huyohuyo."

"Yuko wapi?"

"Marehemu mume wangu alizaliwa peke yake."

Grisi akasimama. "Pikipiki yangu nimeuza, mama. Nitakwenda polisi."

"Twende wote. Utawaeleza ulikuwa unatafuta nini kwenye matairi yangu siku ile nilipokwenda kumhudumia mteja."

Akaketi tena polepole. Aliumia, tena sana, kwa ile pikipiki na kwa zile pikapu ambazo hazikuwahi kuwepo. Mama akamwachia muda wa kuumia, akamulika mayai mengine mawili matatu.

"Limebaki rangi," akasema hatimaye. "Jana amepita mmoja na makopo, anasema rangi yake inafukuza kutu, mwizi na husuda. Nikamtajia shemeji, lakini huyu mgumu. Anasema hashiki brashi mpaka amwone kwa macho yake."

Mama akamtazama kuanzia mabega hadi viatu, akaingia ndani, akatoka na koti la marehemu lililokunjwa vizuri.

"Hebu livae."

Likamkaa kama lilishonwa kwa ajili yake. Grisi akafunga kifungo cha juu, akanyoosha kola, akafikiri.

"Huyo wa rangi anatembelea nini?"

"Pikipiki. Bado mpya mpya."

Uso wa Grisi ukafunguka. Akakohoa kidogo, sauti ikashuka, ikawa nzito, sauti ya mtu mwenye maziwa na madereva.

"Pikapu zangu tumwambie kumi na mbili, au ishirini?"

"Kumi na mbili," akasema mama. "Tamaa mbaya, shemeji."