Maganda Yanayong'aa

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya kuendelea na utafiti wa uzamivu ni moja. Sisi tuko wawili. Kazi ni kutengeneza chembe ndogo mno za kaboni kutokana na mabaki ya mimea, zing'ae chini ya taa ya zambarau. Siku moja zitabeba dawa hadi kwenye uvimbe wa saratani, na daktari ataona zilipofika. Tunamwonyesha msimamizi Ijumaa. Nikikosa, narudi kuuza mabomba dukani kwa shangazi. Mpinzani wangu tunamwita Mizani, maana hupima hata chumvi ya yai. Ameshachukua tanuri la maabara wiki nzima. Kwa adabu kabisa.

Jumanne, 5 Machi
Nimechemsha maganda ya ndizi kwenye sufuria ya presha ya shangazi. Akauliza nani atakula. Nikamweleza habari za saratani. Akasema, "Sawa mwanangu, lakini mgonjwa umpe ndizi yenyewe." Sufuria imeingia weusi, hautoki. Nimeificha nyuma ya friji.

Jumatano, 6 Machi
Nimechuja, nikamulika. Giza. Nikachemsha tena kutwa. Sasa yanang'aa kidogo, kama mtu aliyelazimishwa kutabasamu. Ya Mizani yanang'aa kijani, na dawa ameshaibandika kwenye chembe zake. Aliyatazama yangu, akaniambia pole. Pole hiyo nimeichukia.

Alhamisi, 7 Machi
Vichupa vilinuka ndizi. Nimeviosha vyote kwa sabuni ya unga ya shangazi, ile ya kufanya nguo nyeupe zing'ae. Kusuuza sikukazania, bomba lilikuwa linadondosha matone. Nikamimina maji ya maganda, nikamulika. Buluu kali, hadi ukutani. Nimemwambia shangazi atafute mtu mwingine wa dukani.

Ijumaa, 8 Machi
Msimamizi aliinamia kichupa changu, akavua miwani, akaita wenzake. Mizani akasogea nyuma. Nikaona nyuma kunampendeza. Kisha Mizani akaomba jambo dogo tu: tumulike maji matupu ndani ya kichupa changu kingine. Nilimpa mwenyewe, tena nikamfungulia kifuniko.

Yaling'aa kuliko maganda.

Msimamizi akanusa. Akauliza nafulia sabuni gani. Nikamtajia. Mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki mlangoni, akasema hata yeye anatumia hiyo hiyo, inatakatisha kweli. Mizani akaniuliza, "Kaka, hiyo saratani ulitaka kuitibu au kuifua?" Walicheka wote, hata waliokuwa hawajaelewa.

Msimamizi amenipa hadi Jumatatu nionyeshe tena. Vinginevyo nafasi ni ya Mizani.

Jumapili, 10 Machi
Nimekaa, nimetafakari, kosa nimelijua. Niliosha vichupa vyote namna moja. Leo cha maganda nimekiosha kwa sabuni. Cha maji matupu nimekisuuza kwa maji safi, nikarudia, nikarudia tena, mpaka kikaacha kung'aa. Utafiti unataka umakini.