Kuhusu Damu Yangu Kukutwa Haina Askari wa Maziwa

Igurwa, Karagwe
14 Agosti 1987

Ndugu Kiongozi wa Kikosi cha Kupima Damu,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa yangu mliimaliza Jumanne. Mimi ni Felisiani, mtoto wa wafugaji, yule aliyekunja mkono wa shati kabla hajaitwa.

Mlitueleza vizuri kwamba kidudu cha maziwa mabichi kikimwingia mtu, damu yake hutengeneza askari wa kupigana nacho, na kipimo chenu huwaona. Sisi tukaelewa hivi: mnywa maziwa anao, asiyekunywa hana. Kwa kiherehere changu nikaulizia majibu kwa sauti mbele ya mzee Rwezaura, ambaye nimemposa binti yake Kemirembe huku nikijisifu kwamba nimekulia maziwa. Mpimaji wenu akatangaza kwa sauti ileile kwamba sina askari hata mmoja.

Malalamiko yangu:

1. Mzee Rwezaura amesema hamwozi binti yake kwa mnywa chai ya rangi. Harusi imesimama, na mimi usingizi sina. Kemirembe nampenda jamani.

2. Celestin, kibarua wetu wa migomba, asiye na hata mkia wa ng'ombe, mmemkuta na askari tele. Homa imemtesa, namwonea huruma, na vidonge vyenu anameza. Lakini sasa wazee wanamwita mfugaji!

3. Ni kweli maziwa yakinifika tumboni, tumbo hunguruma mpaka mbwa anabweka, ndiyo maana kikombe changu humaliziwa na Celestin nyuma ya nyumba. Hata hivyo povu hunigusa mdomo kila asubuhi. Hakuna askari hata mmoja aliyeshtuka?

4. Kwa kuwa askari wa Celestin wametokana na kikombe changu, naomba mnihamishie watatu. Wakikataa uhamisho, nipeni kidudu chenyewe, nitajitegemea.

Wasalimie wapimaji wote, na yule dada wa sindano mwambie mkono umepona, kilichobaki ni aibu.

Wenu niliyeumbuka,
Felisiani Kaijage

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Celestin ameniletea salamu za Kemirembe. Kumbe naye mlimpima, naye hana askari! Maziwa yake humpa paka tangu utotoni. Amemwambia baba yake kwamba akinikataa mimi, amkatae na yeye. Anauliza kama kwangu chai ya rangi ipo. Ipo! Basi futeni malalamiko yote. Ila majibu ya mzee Rwezaura mwenyewe, ambayo hajayafuata mpaka leo, naomba myasome kwa sauti.