Shibiti Ndani ya Liboke

Jumatatu, 4 Agosti
Shibiti yangu imefika magotini! Mbegu alinipa sista wa parokia. Yeye kwa Kifaransa huiita aneth, kiungo cha mboga. Majani membamba kama nywele za mtoto mchanga. Nimetafuna moja. Limau kidogo, kisha kitu kama pipi ya kikohozi. Nimetafuna saba. Bado sijaielewa.
Mpango: Jumapili mama Alphonsine, mpishi wa mtaa wetu, anapika liboke ya ubatizo. Samaki wa kufungwa katika majani, watu arobaini. Tangu nilipomaliza shule ananiachia kumenya ndizi tu. Motoni yuko binamu yangu Priscille. Shibiti itanifikisha motoni.

Jumatano, 6 Agosti
Karatasi aliyonipa sista pamoja na mbegu inasema: vitamini C, chuma, kalsiamu, hutuliza gesi tumboni, hupatana na samaki. Sehemu ya mapishi imeliwa na panya. Nikaenda kumuuliza sista. Nimefika langoni. Nimelisalimia lango. Nimerudi.

Ijumaa, 8 Agosti
Jaribio la siri. Jani ni jani: nimeitwanga kama sombe, yale majani ya muhogo, nikaichemsha masaa mawili kwa mawese. Sufuria nzima imebaki kijiko kimoja! Harufu: hakuna. Priscille akapita, akauliza kama ninafua kitenge cha kijani.
Yamebaki mashina manne.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeficha mashina matatu ndani ya kitambaa cha kichwa. Sikujua niyafanyeje. Mama Alphonsine akafungua liboke ya kwanza, nikainama kuona, yakaanguka juu ya samaki. Balaa!
Lakini mvuke ukapanda na harufu ya shibiti. Akaonja. Akaonja tena. Akauliza jani ni la nani. Priscille akasema si lake, haraka sana. Nikainua kidole, kama darasani.
“Hii iko inawekwa mwisho, mubichi,” akasema. “Nilipikia masista miaka kumi. Mutoto, mbona haukuniuliza?”
Nikaanza kukunja majani ya liboke ile.
“Bon. Kesho unaanza motoni. Lakini kitu haujue, unauliza. Tumesikilizana?”
Ndiyo, mama.

Jumatatu, 11 Agosti
Motoni! Priscille anamenya ndizi, hanisemeshi.
Shina la mwisho, lile lililotangulia kuchanua, limekausha mbegu zake, bapa, za kahawia. Zinanukia kuliko majani. Zinasagwa? Zinakaangwa? Mama Alphonsine yuko hatua mbili kutoka hapa. Ananitazama, anangoja.
Mbegu ni mbegu. Nimeziinjika kama maharagwe. Masaa mawili yatatosha.