Daraja Langu na Kanuni ya Sitini

Jumatatu, 6 Machi

Nimejitazama kwenye kioo, nikaona sanamu. Ya shaba. Imesimama mwanzo wa daraja.

Daraja lenyewe bado. Watu wa kwetu Cutler wanazunguka maili arobaini kuvuka mto ambao unaweza kuurushia jiwe likafika ng'ambo. Leo Seneta Kessler, wa jimbo la ng'ambo na wa chama cha wapinzani wetu, kaja na habari. Kapata watu wanane upande wake, wa tisa yeye mwenyewe. Sisi ni hamsini na mmoja. Sitini! Hakuna atakayeweza kuuzuia muswada wetu. Sharti lake moja tu: liitwe Daraja la Kessler na Stroud.

Kessler kwanza, mimi Stroud nyuma! Nikamwambia nitalifikiria. Sikulifikiria.

Jumanne, 7 Machi

Wazo! Kwa nini sitini? Kwa sababu ya kanuni kuukuu inayomruhusu seneta asiyetaka muswada asimame aongee bila kukoma, mradi asiketi, mpaka wenzake sitini wamnyamazishe. Iue hiyo kanuni, kwa kura ya wengi tu, na hamsini na mmoja wanatosha. Kessler wa nini? Daraja la Stroud!

Bernice, msimamizi wa ofisi yangu, kauliza: je, siku wao wakiwa wengi? Nikamwambia aniondolee uchuro.

Wawili wa upande wetu wanasitasita. Mzee Fontenot anaipenda kanuni hiyo. Ujanani aliongea kutwa nzima kwa maziwa matupu, maana ukumbini hatunywi kingine ila maji na maziwa. Nimemwahidi uenyekiti wa kamati ya kilimo. Akalainika. Halvorsen naye nikamwahidi. Akalainika. Ndiyo, kiti kilekile, lakini wale wawili hawasemezani miaka nenda rudi. Mimi ni fundi.

Alhamisi, 9 Machi

Kanuni imekufa! Hamsini na mmoja kwa arobaini na tisa. Kura ya daraja ni wiki ijayo. Nimepeana mikono mpaka na bawabu.

Kessler kanifuata koridoni. "Wendell, wale wanane nimewabembeleza mwaka mzima, mmoja mmoja. Sasa nikawaambie nini?"

Nikamwambia awasalimie. Hakucheka. Nilihisi kitu kifuani, nadhani ilikuwa njaa.

Ijumaa, 10 Machi

Mkosi! Mgahawani kwetu maseneta kuna supu ya maharage kila siku, na leo kulijaa. Kimebaki kiti kimoja, mbele ya Halvorsen. Fontenot kakaa. Wamesemezana! Kila mmoja kamwalika mwenzake kwenye sherehe ya uenyekiti wake.

Nilijificha nyuma ya nguzo. Nguzo nyembamba.

"Kijana," Fontenot kaniambia, nami nina miaka hamsini na nane, "nimekupa kanuni niliyoipenda, wewe umenipa kiti cha mtu mwingine."

Jumatatu, 13 Machi

Fontenot kahamia upinzani. Kaondoka na peremende zote za kwenye dawati lake, zile tulizokuwa tukichota sote. Sasa ni hamsini kwa hamsini, na kura ya kuvunja sare ni ya makamu wa rais, ambaye ni wa kwao. Chama kimeniomba nisionekane kwenye televisheni. Nadhani wananipumzisha.

Jumanne, 14 Machi

Wameleta muswada wa daraja. Limehamia mto mwingine kabisa, kwa seneta wao mwingine! Hata Kessler kalikosa. Anasema chama chake hakina tena haja ya kumridhisha mtu wa upande wetu, kwa hiyo hakina haja ya mto wetu.

Lakini Stroud hakosi silaha. Viatu laini. Soksi nene. Glasi tatu za maziwa. Kitabu cha mapishi cha marehemu mama. Nitaongea mpaka waombe radhi! Nikasimama, nikaanza na supu ya viazi. Muda wangu ukaisha, mwenyekiti wa kikao akaniambia niketi. Nikasema siketi, ni haki yangu.

Kessler akaniinamia. "Keti, Wendell. Ile kanuni uliiua mwenyewe Alhamisi."

Nikaketi. Nikanywa maziwa yote ili nisimtazame mtu.

Jumatano, 15 Machi

Dada yangu Lorraine kapiga simu kutoka Cutler. Anaendesha basi la shule, nalo huzunguka maili zote arobaini. Hakunigombeza. Kauliza tu kama aendelee kuwaamsha watoto gizani. Nimesikitika, kweli kabisa. Mpaka chai ya saa nne.

Kisha nimeanzisha harakati za kurudisha kanuni ya sitini! Nguzo ya taifa! Inayotulazimisha kusikilizana! Hotuba nimeiandika mwenyewe na imeniliza. Kessler kakubali kunisaidia, tena bila sharti. Mwanamke muungwana.

Bernice kauliza: na sisi tukirudi kuwa wengi? Nikamwambia tutaiua siku hiyohiyo, si ndiyo maana ya kuwa wengi?

Baadhi ya wetu wananikwepa, kwa hiyo zinahitajika kura chache zaidi za upande wao. Nimeshapata tatu. Kila mmoja nimemwahidi kamati ya kilimo.